"Machinations" ni mashine au ni lawama? Tulijibu barua, tukaumbuka

#1 Mkobozi wa Ubaruku
Wakuu, habari za jioni. Nauliza habari ya neno la Kiingereza, ila nauliza kwa Kiswahili maana hicho Kiingereza ndicho kilichotuponza.

Mwaka juzi kikundi chetu hapa Ubaruku, Mbarali, kilikuwa na mashine moja ya kukoboa mpunga, na mimi nilikuwa katibu. Juu yetu kulikuwa na chama ambacho sikitaji. Katibu wake alikuwa mgeni, katokea Dar, haandiki Kiswahili hata akiomba kiti. Siku moja ikaletwa bahasha. Ndani karatasi moja, Kiingereza mwanzo mwisho. Tukaisoma kwa zamu kama dawa. Tulichoambulia ni jina la mwenyekiti wetu, jina la kikundi, neno "machinations", na kwamba zikome mara moja.

Tukakaa kikao. Mwenyekiti akasema jamani, hili liko wazi, wanataka mashine isimame. Mzee mmoja akasema itakuwa majirani wamelalamikia pumba. Basi nikaandika jibu, kurasa mbili: kwamba mashine ni moja tu wala si nyingi kama walivyoandika, rola za mpira zote mbili zimebadilishwa mwezi wa tano, mkanda ni mpya, beringi ya upande wa mota inapiga kelele lakini fundi wa Igurusi ameahidi kuja, chenga zimepungua, na pumba tumeshazisogeza mbali na njia. Tukagonga muhuri.

Barua yetu ilisomwa kwenye mkutano mkuu, mbele ya watu. Nasikia yule katibu alicheka mpaka akavua miwani.

Binti yangu wa kidato cha nne ndiye aliyenifungulia kamusi. Kumbe tulikuwa tunatuhumiwa! Sasa naomba kujua: hili ni tusi au lawama ya kawaida? Kiswahili chake hasa ni nini? Na ni kweli halina undugu wowote na mashine, au hatukuwa wajinga kiasi hicho? Nawasilisha.

#2 Ngedere wa Kitulo
Siti ya mbele. Karanga ninazo.

#3 Kiazi cha Isongole
"Beringi ya upande wa mota inapiga kelele." Nimecheka mke wangu kaja kuniangalia.
Machinations ni njama. Uzi ufungwe.

#4 Mwalimu wa Zamu
Usifungwe, Kiazi. Mpango anaweza kuwa nao yeyote, hata wa kuchimba choo. Machinations ni mipango ya chinichini, ya hatua nyingi, yenye lengo la kumwangusha mtu au kupata kitu ambacho mchana kweupe usingekipata. Na anayelitamka neno hilo tayari ameshahukumu. Huwezi kusema "nina machinations zangu" ila kwa utani, kama ambavyo hakuna mtu anayejitambulisha kwamba yeye ni mzandiki. Ndiyo maana kwa kawaida linakuja kwa wingi, maana hila moja peke yake haijafikia kuitwa hivyo.

Mkobozi, si tusi. Ni lawama ya watu wanaovaa tai. Ila ni nzito. Mtu akikuita mjanja unaweza kucheka naye, mjanja anaweza kuwa amelala zake tu. Hili neno linasema umetenda, na umetenda kwa siri.

#5 Jembe la Mafinga
Mwalimu umeacha asili yake. Neno limetoka kwa yule Mwitaliano Machiavelli, aliyewaandikia watawala namna ya kushika madaraka. Machiavelli, machination, hata mtoto anaona. Tulifundishwa kidato cha sita.

#6 Mwalimu wa Zamu
Jembe, aliyekufundisha hakuangalia kalenda. Machiavelli alizaliwa Florence mwaka 1469, na kile kitabu chake kuhusu mtawala kilichapwa 1532, mwenyewe ana miaka mitano kaburini. Machination lilishakuwa kwenye Kiingereza karne ya 15, likitokea Kilatini kupitia Kifaransa. Jina la Machiavelli lilizaa neno lake lenyewe, "Machiavellian". Haya mawili yamepishana barabarani kama mabasi pale Mlima Nyoka, yanapigiana honi lakini hayajuani.

#7 Jembe la Mafinga
Tarehe nakubali. Lakini kichwani mwa Mzungu wa leo yameshachanganyika, usinibishie. Akisikia moja anamkumbuka mwenzake.

#8 Chungwa la Matema
Mkobozi, hujasema mwenyekiti wenu alifanya nini. Umetueleza mkanda, umetueleza pumba, kosa hukulieleza.
Halafu ninyi wa Ubaruku, mchele wenu ukifika Dar unabadilishiwa gunia unaitwa wa Kyela. Machinations ni hizo. Ndaga fijo, asanteni sana.

#9 Mkobozi wa Ubaruku
Ya mwenyekiti tuyaache kwanza, nimeuliza neno. Na wanaobandika jina la Kyela ni madalali wa mjini. Mkulima wa Mbarali anauza mpunga wake shambani, hajui hata gari linaelekea wapi.

#10 Ghala la Maneno
Mkobozi, kunja miguu usikilize, maana kwenye swali lako la mwisho hamkukosea sana.

Mzizi ni wa Kigiriki, mekhane. Maana yake njia, mbinu, kitu cha kumtoa mtu kwenye mkwamo. Wagiriki hawakutenganisha hila ya kichwani na chombo cha mbao, vyote viliitwa hivyo hivyo. Kwenye maigizo yao kulikuwa na winchi ya mbao ya kumshusha mwigizaji aliyevaa kama mungu, aje kumaliza hadithi iliyokwama. Winchi hiyo ndiyo mekhane. Na yule Odysseus, mjanja wao mkuu, sifa yake mojawapo ilikuwa polymekhanos, mwenye mbinu nyingi. Warumi wakalichukua wakaliita machina. Mshairi wao Virgil anapoeleza farasi wa mbao wa Troya, yule mkubwa walimofichwa askari ili kuuteka mji, neno machina limo. Sasa niambie, farasi yule ni mashine au ni njama? Ana tumbo la mbao lililochongwa na mafundi, na ni uongo mtupu.

Kinachonifurahisha zaidi ni hiki. Kiingereza kilipokea machination karne ya 15, na "machine" ikafuata karne ya 16. Hila ilitangulia, chuma kikaja nyuma.

Na sisi tumeurithi mzizi huohuo mara mbili bila kujua. Mashine ina sh kwa sababu Kiingereza kiliitoa kwa Wafaransa. Makanika ana k ya Kigiriki. Fundi wenu wa Igurusi na barua ile ni ukoo mmoja.

#11 Kiazi cha Isongole
Yaani makanika na mla njama ni ndugu. Mimi nimepeleka pikipiki gereji Jumanne, hili nilishalijua bila Kigiriki.

#12 Dada wa Mafiati
Nami nina langu. Niliitwa kwenye usaili wa kazi hapa Mbeya mjini, ofisi siitaji. Nikapewa taarifa ya gazeti nisome kwa sauti. Nikafika kwenye hilo neno, nikatamka "mashineshens". Mmoja wa wasaili akamwangalia mwenzake, akatabasamu ile ya pembeni, akasema kwa sauti ya upole, "makineshens, dada." Kazi sikupata. Miaka sita nimebeba aibu hiyo. Ghala, nipe jibu: nilikosea?

#13 Ghala la Maneno
Hukukosea, dada. Kamusi kubwa za Kiingereza zinaweka matamshi yote mawili. La k linatangulia kwa sababu ndilo la wengi, la sh lipo na ni halali, watu wanalivuta kutoka kwenye machine. Msaili alikuwa na nusu ya kamusi.

#14 Dada wa Mafiati
Asante. Nimeitua ile aibu.

#15 Wakili Mlalahoi
Kiazi pale #3 kasema njama, wengi mmepita bila kumgusa. Mimi namgusa. Njama kwa asili yake ni kikao cha siri, watu wanakaa, ndiyo maana tunasema kula njama. Kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 384, kosa ni kula njama na mwingine. Mtu mmoja hawezi kula njama na kivuli chake. Lakini machinations mtu anaweza kuzifanya peke yake, usiku, na daftari lake. Kwa hiyo njama inafaa pale tu walipo wawili au zaidi.

Na hakuna hati ya mashtaka itakayosema "mshtakiwa alifanya machinations". Mahakama inataka ujue alifanya nini, siku gani, na nani. Neno hili ni la barua, siasa na magazeti, hasa pale mwandishi anapokuwa na harufu tu, ushahidi hana.

#16 Chungwa la Matema
Mkobozi, mlikuwa wangapi?

#17 Mkobozi wa Ubaruku
Endeleeni, nipo nasoma.

#18 Ustadhi wa Sokomatola
Assalamu alaykum. Neno mnalolitafuta mnalo tangu zamani: hila. Nashangaa mnapanda mabasi kwenda Ugiriki.

Hila tumeipata kwa Kiarabu, wingi wake huko ni hiyal. Ndugu Ghala katoa habari ya winchi, na mimi namwongezea. Karne ya 9 pale Baghdad walikuwepo ndugu watatu, watoto wa Musa, wanaitwa Banu Musa. Waliandika kitabu cha vyombo vya ajabu kama mia hivi: chemchemi zinazobadilisha umbo la maji, taa inayojipandishia utambi, birika linalomimina vinywaji tofauti kwa mdomo mmoja. Kitabu kinaitwa Kitab al-Hiyal. Yaani kitabu cha hila! Na elimu ya mitambo kwa Kiarabu cha wakati ule iliitwa elimu ya hiyal. Waarabu nao walikuwa na mlango mmoja wa kuingilia kwenye mashine na kwenye ujanja, kama Wagiriki.

Kwa hiyo Mkobozi angejibu ile barua kwa kueleza hila zake za kukoboa mpunga, angekuwa amepatia kwa Kiarabu.

#19 Ghala la Maneno
Ustadhi, hii sikuijua. Nimekaa.

#20 Mama wa Kwaya
Hila naiunga mkono. Waefeso 6:11, "hila za Shetani". Haikuandikwa mashine za Shetani.

#21 Ngedere wa Kitulo
Mama, ungeiona mitambo ya gongo huku kwetu usingesema hivyo.

#22 Fundi Bati
Jamani mnaongea kama mko kwenye kigoda. Nani leo anasema hila? Hila ni ya kanisani, msikitini na kwenye hadithi za sungura. Mtaani ni FIGISU. Katibu angeandika "acheni figisu" mngemuelewa kabla ya kumaliza bahasha.

Figisu ina sura yake. Barua imepokelewa lakini haionekani. Faili limelala. Ukumbi umefungwa, funguo anazo mtu aliyesafiri kwenda Songea. Jina lako lilikuwepo jana kwenye orodha, leo limeruka. Hakuna aliyekukatalia, na hupati. Tafuta Mzungu akuonyeshe neno kali kuliko hilo.

#23 Jembe la Mafinga
Fundi, huko kwenye siasa ni mizengwe. Figisu ni za mpira.

#24 Fundi Bati
Mpira na siasa umevitenganisha lini?

#25 Mwalimu wa Zamu
Niwatenganishe kidogo. Fitina inapita mdomoni, unamchongea mtu kwa mtu. Ghilba na hadaa zinamlenga anayedanganywa, aamini kisichokuwepo. Magumashi ni kitu chenyewe kibovu kilichopakwa rangi. Kuingizwa mjini ni matokeo, ni yale ya aliyeliwa. Mizengwe na figisu ni vikwazo vya kupangwa. Machinations inagusa vyote na haikai kwenye kimoja. Nikimfanyia mwanafunzi tafsiri ningeandika "hila za chinichini" na nisingelala vizuri.

#26 Kiazi cha Isongole
Na lumbesa ni ipi hapo? Mimi nalima viazi. Gunia likijaa, mnunuzi anaongeza kipande cha gunia jingine juu, anakishona kwa kamba, anajaza tena mpaka linakuwa na kichwa na mabega, halafu anakulipa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inataka lisizidi kilo 100, mimi nimebeba la watu wawili. Na anafanya hayo mbele yako, anakusalimia vizuri, anakuuliza watoto wanaendeleaje.

#27 Wakili Mlalahoi
Hiyo si machinations kwa sababu hakuna siri. Ni uonevu wa mchana.

#28 Kiazi cha Isongole
Siri ipo. Siri ni kwamba wanunuzi wote wa siku ile wameshakubaliana kabla hawajapanda mlima. Ukimkatalia wa kwanza, wa pili anakuja na bei ya chini zaidi, wa tatu hafiki kabisa. Jioni unampigia wa kwanza mwenyewe.

#29 Wakili Mlalahoi
Hapo umeshinda. Na hapo ni njama kamili.

#30 Mtu wa Makambako
Niingie na historia. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, pale Kalenga 1891 alivyowaficha watu wake vichakani akawamaliza Wajerumani, hiyo si ndiyo machination ya mfano?

#31 Mjukuu wa Kalenga
Kamwene. Makambako, umechanganya mambo mawili. Mwaka 1891 ni LUGALO, tarehe 17 Agosti, ndipo alipokufa kamanda Zelewski, yule waliyemwita Nyundo. Kalenga ni ngome, na iliangushwa na Wajerumani Oktoba 1894. Ukitoka Iringa kwenda Morogoro utauona mnara wake Zelewski pembeni ya barabara.

Na la pili, usimwite babu yetu mwenye machinations. Kuvizia vitani ni mbinu. Adui amekuja na mizinga nyumbani kwako, unatakiwa umwandikie barua kwamba kesho tutakaa kichaka cha kushoto? Wazungu wenyewe wana neno la heshima kwa hilo, "stratagem", limetoka kwenye neno la Kigiriki la jemadari. Wakifanya wao ni stratagem, tukifanya sisi ni machinations. Kiswahili angalau kinasema mbinu kwa wote.

#32 Mkobozi wa Ubaruku
Mjukuu, huku Usangu nasi tuna kumbukumbu zetu za Mkwawa, na hazifanani na zenu.

#33 Mjukuu wa Kalenga
Merere, chifu wenu wa Usangu, alipoungana na Wajerumani, hiyo iliitwaje kwa Kiingereza? Naomba katibu wenu wa zamani aandike.

#34 Ngedere wa Kitulo
Karanga zimeisha.

#35 Mwalimu wa Zamu
Mjukuu ana hoja hapo #31 pamoja na hasira zake. Neno hili linaonyesha upande aliosimama msemaji. Katibu wa Dar aliona machinations. Ningependa kujua kikundi chenyewe kiliona nini. Mkobozi, watu wamekuuliza mara mbili.

#36 Mkobozi wa Ubaruku
Haya. Mwenyekiti mwenyewe ameshahamia Chimala, nitasema.

Mwaka ule kulikuwa na uchaguzi wa kikundi. Wanachama wenye majaruba upande wa chini wa mfereji walitaka kumtoa mwenyekiti, na walikuwa wengi kutuzidi. Tarehe ya mkutano anapanga mwenyekiti na katibu, katiba inasema hivyo, tangazo siku kumi na nne kabla. Tulifuata yote. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa mashine, herufi kubwa, siku kumi na nne kamili.

Ila kwenye mfereji kuna zamu ya maji. Upande wa juu siku zao, upande wa chini siku zao. Mpunga uko mimbani, maji yakifika kwenye jaruba lako huwezi kuondoka, ukiondoka mwenzio anafungulia tuta. Mkutano tuliupanga Alhamisi asubuhi. Alhamisi ni zamu ya chini.

Walikuja wanne, wana matope mpaka magotini, mmoja bado ameshika jembe. Akidi ilitimia kwa watu wetu. Mwenyekiti akapita. Hatukumdanganya mtu, hatukula hela ya mtu, hatukuchoma karatasi. Mimi niliiona kama kupanga ratiba.

#37 Chungwa la Matema
KUPANGA RATIBA!!

#38 Wakili Mlalahoi
Wewe na mwenyekiti, wawili hao. Njama. Nimemaliza.

#39 Fundi Bati
Figisu ya daraja la kwanza. Hakuna aliyewakatalia kuja, na hawakuja. Someni #22.

#40 Ustadhi wa Sokomatola
Hila. Na tena ile ya Banu Musa, maana inaendeshwa na maji.

#41 Mjukuu wa Kalenga
Mimi nasema mbinu. Wangeweka watu wa kuwashikia zamu.

#42 Kiazi cha Isongole
Mjukuu, wewe ungeshinda uchaguzi wowote na usingekuwa na rafiki.

#43 Ghala la Maneno
Mnaona sasa? Mashine ilikuwepo kweli: mfereji, zamu, kalenda, akidi, vimefungwa pamoja kama mkanda na rola, unawasha upande mmoja mtu anakobolewa upande wa pili. Katibu wa Dar aliandika neno sahihi. Na ninyi mlivyojibu kwamba mashine ni moja tu na iko katika hali nzuri, mlikiri bila kujua.

#44 Dada wa Mafiati
Mkobozi, wale wanne waliokuja na matope walisema nini?

#45 Mkobozi wa Ubaruku
Mmoja hakusema kitu. Yule mwenye jembe alisaini mahudhurio, akauliza kama kuna soda, hazikuwepo, akarudi majini. Ni shemeji yangu. Mpunga wake mpaka leo anaupeleka kukoboa Igurusi.

#46 Jembe la Mafinga
Kwa hiyo na wao Igurusi wana mashine. Kwenu debe mnakoboa bei gani siku hizi?

#47 Chungwa la Matema
Bei baadaye. Ile beringi ya upande wa mota ilitengenezwa?

#48 Mkobozi wa Ubaruku
Fundi hajaja bado. Kumbe ni mwanachama wa upande wa chini.